Laptop yako bado ina Windows 10? Angalia jeneresheni ya prosesa kabla hujatoa hela

Microsoft walisitisha apdeti za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu hapo kila mwenye laptop ya mtumba anaambiwa lake. Fundi anasema lete hela nikupigie Windows 11, muuza duka anasema hiyo mashine imeshapitwa chukua hii hapa, jamaa wa ofisini anasema achana nao mbona yangu inawaka. Wote wanaongea bila kuuliza kitu kimoja ambacho ndio kinaamua kila kitu, yaani prosesa ya laptop yako (chipu inayofanya kazi zote) ni jeneresheni, au kizazi, cha ngapi. Naombeni muanzie hapo, maana kuna watu wanalipia kitu ambacho ni bure na kuna wengine wanaambiwa wanunue mashine mpya wakati waliyonayo ina maisha marefu tu mbele.

Stika ya i5 iliyobandikwa kwenye laptop haitoshi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, enta, halafu tafuta mstari ulioandikwa Processor. Ukikuta i5-6300U hiyo ni ya sita, i5-7300U ya saba, i5-8250U ya nane, na zikiwa tarakimu tano kama i5-10210U hiyo ni ya kumi. Windows 11 inataka Intel kuanzia ya nane, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64, UEFI (mfumo wa kisasa wa kuwasha mashine) yenye Secure Boot inayozuia programu zisizoaminika wakati wa kuwaka, na chipu ya usalama inaitwa TPM 2.0. Kwa AMD, yaani prosesa za kampuni nyingine isiyo Intel, usikisie kwa jina, shusha programu ya bure ya PC Health Check kutoka kwa Microsoft wenyewe, itakwambia inakubali au haikubali na sababu yake. Na usidanganywe na modeli: HP EliteBook 840 G3 ni ya sita, G5 nyingi ni ya nane lakini zipo G5 zilizotoka kiwandani na ya saba, kwa hiyo hata dukani mwambie muuzaji aiwashe uione prosesa kwa macho yako.

Sasa mpangilio wangu, naanza na kile kinachokula hela kidogo na kukupa muda mrefu.

Namba moja ni kupanda kwenda Windows 11, kama prosesa inaruhusu. Hapa hakuna mjadala, na ni bure kama Windows 10 yako ni halali, leseni inahamia yenyewe, unaenda kwenye Windows Update unakubali basi. Unachoweza kulipia ni muda wa fundi na bando, maana faili lake linazidi GB 5, kwa hiyo tafuta Wi-Fi ya uhakika usianze na bando la siku. PC Health Check ikigoma kwa sababu ya TPM wakati prosesa ni ya nane, usikate tamaa, mara nyingi imezimwa tu kwenye BIOS, yaani setingi za ndani unazoingia mashine inapoanza kuwaka (HP unaingia na F10, Dell F2, ThinkPad F1), unaiwasha pamoja na Secure Boot unajaribu tena. Ikigomea Secure Boot pekee huenda Windows ilipigwa kwa mtindo wa zamani wa kupanga diski, MBR, hilo linarekebishika bila kufuta vitu, fundi anayejua zana ya Windows inayoitwa mbr2gpt anakumalizia.

Ila hela ya kwanza kabisa kutoka mfukoni iende kwenye SSD, diski ya kisasa isiyozunguka na yenye kasi. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu ndiko watu wanakoumia, mtu anapanda Windows 11 juu ya HDD ya kuzunguka, mashine inachukua dakika kadhaa kuwaka, anaanza kulaumu Windows na mwisho anaiuza kwa bei ya kutupa. Fungua Task Manager (Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja), nenda Performance, angalia upande wa kushoto chini ya Disk pameandikwa HDD au SSD. Kama ni HDD halafu inagonga asilimia 100 wakati hujafungua chochote cha maana, tatizo lako umeshaliona, na mara nyingi si prosesa wala RAM. SSD ya SATA ya GB 256 inatosha watu wengi. Ikishakuwepo hiyo, cha pili ni RAM, toka GB 4 kwenda 8, na hizi laptop za ofisini kama 840 G3 na ThinkPad T470 zina sloti mbili za RAM, unaongeza bila kutupa ile ya zamani.

Namba mbili, kwa wenye ya saba kushuka chini, ni Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta unaokaa badala ya Windows. Najua wengi mkisikia Linux mnaona skrini nyeusi na maandishi ya kijani, hapana, Mint ina menyu kushoto chini na taskbar kama uliyoizoea, na haiuzwi. Faili lake ni karibu GB 3, unaliweka kwenye flashi ya GB 8, unawasha laptop kupitia flashi na unaitumia bila kugusa Windows yako. Hapo ndio pa kukagua: Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Kamera inafanya kazi? Ukifunga mfuniko na kufungua inaamka? Vyote vikijibu ndio unaisakinisha kabisa. Matoleo ya 22 yana apdeti mpaka 2029, na mashine ya GB 4 ichukue toleo la Xfce, ni jepesi. Kama kazi yako ni intaneti, barua pepe, WhatsApp ya brauza, kuandika na muvi, hautakosa kitu. Kama unakula kwa QuickBooks ya kusakinisha, AutoCAD au Photoshop, usiende huko, utateseka bure.

Nyie wa QuickBooks na wenzenu namba yenu ni ya tatu, apdeti za nyongeza za Windows 10, zinaitwa ESU. Kwa mtu binafsi zinafika 13 Oktoba 2026. Dola 30 ndio bei, lakini ukiingia na akaunti ya Microsoft na kukubali setingi zako zihifadhiwe kwao unapata bila kulipa, na akaunti moja inabeba mpaka mashine 10. Sharti uwe na toleo la 22H2, andika winver uone. Hii ni ya kukupa muda wa kujipanga, kwa hiyo asikuuzie mtu kama suluhisho la kudumu.

Namba nne ni kununua nyingine, na ukinunua mtumba usishuke chini ya ya nane. Sio kwa ajili ya Windows 11 peke yake, i5-7200U ina core (viini vya kufanyia kazi) mbili na i5-8250U ina nne, utofauti utauona ukifungua tabu nyingi. Mimi kati ya i7 ya sita na i5 ya nane nachukua i5 bila kufikiria, hata kama muuzaji anaisifia ile i7.

Namba tano ni kulazimisha Windows 11 kwenye mashine isiyokubalika, ile fundi anatengeneza flashi na programu ya Rufus inaruka vikwazo. Inafanya kazi, siwezi kusema haifanyi, lakini Microsoft hawakuahidi apdeti kwa mashine hizo na likija toleo jipya la mwaka mara nyingi unarudi tena kwa fundi na flashi yake. Kama umeshapigiwa endelea nayo, ila kama bado hujalipa, hiyo hela iongezee kwenye SSD.

Ya mwisho ni kukaa hivyo hivyo. Itawaka kweli, mwaka huu na mwakani, lakini mashimo ya usalama yakigundulika hayazibwi tena, na wewe humo humo unafungua akaunti ya benki. Windows 7 ilienda hivyo hivyo, mwanzoni kila kitu kilikuwa sawa, Februari 2023 Chrome ikaacha kuihudumia.

Chochote utakachochagua, kabla fundi hajagusa mashine hamisha mwenyewe picha, vyeti na mafaili ya kazi kwenye diski ya nje, halafu yafungue kwenye kompyuta nyingine uhakikishe yanafunguka. Na kama diski imefungwa na BitLocker, kufuli la Windows la kulinda mafaili, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft uandike ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye karatasi, kwa sababu ukibadilisha setingi za BIOS laptop inaweza kuudai hapo hapo.