Kalenda ya kuchana saluni kwangu, baada ya miezi minane

Niliinunua Kariakoo mwishoni mwa Desemba kwa Sh 12,000; muuzaji alianzia 15,000. Kila siku unachana karatasi moja: mbele tarehe kwa namba kubwa, nyuma mambo mawili matatu yaliyotokea siku kama hiyo miaka ya nyuma. Nimeitundika pembeni ya kioo ili mteja anayesubiri zamu asichoke.

Kwa kuchangamsha kijiwe, sina neno. Juzi, 27 Agosti, ilitupa mawili ya Bahari ya Hindi. Mwaka 1883 volkano ya Krakatoa ililipuka, mlio ukasikika hadi kisiwa cha Rodrigues, karibu kilomita 4,800, na watu zaidi ya 36,000 wakafa, wengi kwa mawimbi. Chini yake, vita vya Zanzibar vya 1896. Meli za Waingereza zilianza kulipiga jumba la Sultani saa tatu na dakika mbili asubuhi. Kufika saa nne kasoro dakika ishirini mambo yamekwisha, Khalid bin Barghash kakimbilia kwa balozi wa Wajerumani. Kijana niliyekuwa namnyoa akauliza, "Fundi, tungeanza pamoja na hivyo vita, nani angemaliza kwanza?" Nikamwambia kwa kichwa chake kile, vita.

Sasa lawama. Gundi ni mbovu. Machi karatasi zilianza kudondoka zenyewe, nikazifunga kwa kibanio cha nguo. Hilo navumilia. Linaloniudhi ni kwamba walioitengeneza wameokota ya mbali wakaruka ya nyumbani. Januari 12 waliweka Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 na tetemeko la Haiti la 2010, nikajua nimepata. Februari 5 wakaandika Azimio la Arusha, 1977! Mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, akaruka kwenye kiti: Azimio ni 1967, 1977 ni CCM kuzaliwa, tarehe ileile. Aprili 26 ndiyo ilimmaliza kabisa. Karatasi nzima ni ajali ya nyuklia ya Chernobyl kule Ukraine, 1986, Muungano wa 1964 hata mstari mmoja hakuna. "Yaani mwanangu, leo watu wamepumzika majumbani kwa ajili ya Ukraine?"

Tangu hapo kalamu inakaa kwenye droo ya mashine. Julai 7 waliweka mabomu ya London ya 2005 tu; nikaongeza kuzaliwa kwa TANU, 1954, na mteja mmoja Mkenya akaniomba kalamu aandike Saba Saba yao ya Kamukunji, Nairobi, ya kudai vyama vingi, 1990. Karatasi ile sikuitupa.

Nyota tatu kati ya tano. Ukienda kununua, usiangalie picha ya jalada, fungua Aprili kwanza. Mimi nimeshachungulia 9 Desemba: Uhuru wa 1961 upo, Jamhuri ya 1962 haipo. Nimeacha nafasi.