Unga wa Uji wa Kangemi na Uchovu wa Julai

Kila mwaka mvua za masika zinapokatika na wingu la Juni kutanda juu ya Nairobi, mwili wangu hugoma. Hata nikilala usiku mzima, ikifika saa tano asubuhi macho huwa mazito mbele ya kompyuta. Mwaka huu jirani yangu, bibi aliyelea wajukuu wanne kwa uji, aliniambia, "Mwanangu, wewe huli asubuhi, unakunywa maji ya rangi tu," kisha akanielekeza kwenye kinu kidogo cha kusaga nafaka karibu na soko la Kangemi. Nimeutumia unga wa hapo kwa majuma sita, tangu katikati ya Juni.

Kinu chenyewe ni chumba cha mabati chenye mashine moja, mizani na magunia yaliyofunguliwa midomo ili mteja atie mkono na kujionea nafaka, jambo ambalo pakiti ya dukani haikuruhusu. Ukutani pamebandikwa karatasi inayodai kwamba unga huo huongeza damu, nguvu na akili. Kuhusu akili sina la kusema.

Mara ya kwanza nilikubali mchanganyiko wa kawaida wa hapo: wimbi, mtama, mawele, mahindi, soya, karanga, mbegu za mchicha, muhogo mkavu na omena. Kilo mbili pamoja na ujira wa kusaga zilinigharimu shilingi 400. Nilijuta. Uji ulinuka samaki hata baada ya kutiwa maziwa, na baada ya siku kumi hivi unga ukaanza kuwa na ladha chungu ya mafuta yaliyoharibika, kwa sababu karanga na soya zikishasagwa hazikai. Isitoshe, karanga na mahindi yaliyohifadhiwa penye unyevu huweza kuota kuvu wanaotoa sumukuvu, na hatari hiyo haionekani kwa macho baada ya kusagwa. Nikarudi kuomba nafaka tatu tu: vipimo viwili vya wimbi, kimoja cha mtama, na konzi ya mbegu za mchicha. Mwenye kinu alicheka akasema, "Huo ni uji wa mgonjwa, dada," lakini alinisagia vizuri, laini bila chenga, na huo ndio ninaousifu hapa.

Je, umeniondolea uchovu? Kwa kiasi kikubwa ndiyo, ingawa si kwa sababu zilizoandikwa ukutani. Makala nyingi kutoka Ulaya hueleza uchovu wa kubadilika kwa majira kwa kurefuka au kufupika kwa mchana, na sisi tumezoea kuyarudia maelezo hayo bila kuangalia tulipo. Nairobi iko zaidi kidogo ya digrii moja kusini mwa ikweta, na mchana wetu ni wa takriban saa 12 mwaka mzima. Kinachobadilika hapa ni wingu linalofunika jua kwa siku nyingi mfululizo na baridi ya mji ulio karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa upande wangu, baridi hiyo ilinifanya niache kutembea asubuhi na nijipashe moto kwa vikombe vitatu vya chai ya sukari na mandazi mawili, mlo unaopandisha sukari mwilini haraka na kukuacha mtupu kabla ya adhuhuri. Uji wa wimbi usiokobolewa humeng'enywa polepole zaidi, kwa hiyo kikombe kikubwa cha saa moja kilinifikisha chakula cha mchana bila kusinzia.

Kuhusu damu, wimbi lina madini ya chuma, na kalsiamu nyingi kuliko nafaka zetu nyingine zote, lakini lina pia fiteti, ambazo huzuia mwili kuifyonza chuma hiyo. Kuchachusha huzipunguza. Mimi hukoroga unga na maji, nikauacha siku mbili jikoni (kwa baridi hii siku moja haitoshi), kisha nikaupika kwa dakika 20. Limau hutiwa baada ya kuepua, kwa kuwa moto huharibu vitamini C, na vitamini hiyo ndiyo husaidia chuma kufyonzwa. Chai nimeihamishia saa nne, maana kuinywa pamoja na uji hupunguza faida hiyo. Anayeendelea kuchoka hata baada ya kula na kulala vizuri aende akapimwe damu. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo havitibiwi kwa mwiko wa uji.

Naupa unga huu wa nafaka tatu alama nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu mashine haisafishwi baina ya wateja, na aliyenitangulia mara ya tatu alikuwa amesaga pilipili. Ukienda, fika mapema kabla ya foleni, na umwombe mwenye kinu apitishe kwanza konzi mbili za mahindi ya kutupa.