Kijitabu cha mafumbo ya maneno kuhusu tungo za muziki wa Ulaya
Kijitabu hiki cha Kiingereza nilikinunua ili nijifunze majina ya tungo za muziki wa Ulaya, na kwa sehemu kubwa kimenifaa sana. Kinachonipendeza zaidi ni kwamba vidokezo vyake havimwachi mjazaji ahesabu visanduku tu: kwa sonata na kantata, maneno yenye asili ya Kiitaliano, kinaeleza kwamba la kwanza lilimaanisha muziki unaopigwa kwa ala na la pili muziki unaoimbwa, na ukishaielewa tofauti hiyo huwezi kuyachanganya tena. Rondo, ambayo wazo lake kuu hurudi tena na tena, imeelezwa vyema pia.

Kinachonisikitisha ni kidokezo cha oratorio, utungo mrefu wa waimbaji na okestra ambao mara nyingi husimulia habari za dini, kinachodai kwamba huigizwa jukwaani kwa mavazi maalumu. Hiyo ni opera. Oratorio, kama Messiah ya mtunzi Handel iliyoimbwa kwa mara ya kwanza huko Dublin mwaka 1742, kwa kawaida huimbwa bila maigizo, jambo ambalo wanakwaya wetu wanaoimba Haleluya yake wanalifahamu. Majibu nayo yamechapishwa kwa herufi ndogo mno. Hata hivyo, ningekinunua tena kwa ajili ya ukurasa wa nokturni, yaani tungo tulivu za piano zenye hisia za usiku, unaomtaja mtunzi John Field wa Ireland, aliyetangulia kuzitunga, kabla ya mtunzi Chopin aliyezipatia umaarufu, kama anavyostahili.