Jumamosi sita kwenye banda la ngumi za zamani, Chikongola

Mara ya kwanza niliingia pale na jibu langu tayari: Ali anampiga Tyson, basi. Nililisema kwa sauti, maana majina hayo mawili yalikuwa yameandikwa kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni. Mwenye banda, ambaye wote tunamwita Mjomba, aliacha kuhesabu chenji akaniangalia. "Ali wa mwaka gani, mpwa wangu?" Sikuwa na la kusema. Akanielekeza ubaoni tena: ALI 1966, TYSON 1988. Miaka sikuwa nimeiona kabisa.

Ni banda umiza kama mengine ya hapa Mtwara mjini. Siku za kawaida linaonyesha mpira, lakini Jumamosi, mechi zikiisha, kama saa nne usiku hivi, zinaanza ngumi. Kiingilio ni shilingi 1,000, na unapewa kipande cha karatasi ya daftari kilichopigwa mistari kumi na mitano. Kwanza mnaangalia pambano moja la kila bondia, la mwaka ule ule ulioandikwa ubaoni. Kisha Mjomba anazima sauti, watu wawili wanasimama mbele, kila mmoja anamtetea wa kwake raundi kwa raundi kana kwamba mabondia hao wanapigana, na ninyi mliokaa mnajaza pointi, 10 kwa aliyeshinda raundi na 9 kwa mwenzake, kama majaji. Karatasi zinahesabiwa mbele ya watu.

Usiku ule tulianza na Ali dhidi ya Cleveland Williams, Houston, Novemba 1966. Mimi Ali niliyemzoea ni yule wa Kinshasa 1974, anayeegemea kamba akimwacha Foreman apige mpaka achoke, halafu anamwangusha raundi ya nane. Huyu wa 1966 ni mtu mwingine. Ana miaka 24, miguu haitui, Williams anarusha ngumi mahali ambapo Ali alikuwepo sekunde iliyopita. Anamwangusha mara tatu raundi ya pili na mara moja ya tatu, mwamuzi anamaliza. Miezi michache baadaye walimvua ubingwa kwa kukataa kwenda jeshini, akakaa nje ya ulingo zaidi ya miaka mitatu. Miguu ile haikurudi tena. Niliumia kuiona, kusema kweli, kwa sababu ndipo nilipoelewa tulichokosa.

Kisha Tyson na Michael Spinks, Juni 1988. Tyson alimmaliza kwa sekunde 91. Spinks alikuwa hajawahi kupoteza pambano.

Hapo banda likagawanyika, na hapo ndipo fedha yangu ilipofanya kazi. Kijana mmoja aliyemtetea Tyson alisimama na hoja niliyodhani haina jibu: Larry Holmes alimpiga Ali mwaka 1980, Tyson akamwangusha Holmes raundi ya nne mwaka 1988, kwa hiyo Tyson yuko juu ya Ali. Akaongeza Trevor Berbick, aliyemshinda Ali kwenye pambano lake la mwisho, Desemba 1981, kisha akasambaratishwa na Tyson raundi mbili mwaka 1986, Tyson akiwa na miaka 20. Watu wakapiga kelele. Mzee mmoja mwenye kofia, aliyekuwa akinywa kahawa yake taratibu nyuma, akauliza umri. Ali alipopigwa na Holmes alikuwa na miaka 38. Holmes alipopigwa na Tyson naye alikuwa na miaka 38. Banda lote likanyamaza. Nimefuatilia ngumi tangu nikiwa shule ya msingi na sikuwahi kuziweka namba hizo mbili pamoja.

Hoja ya Tyson haikufa hapo, lakini. Wengi wetu tulidhani akivuka raundi ya sita anaisha, mpaka tulipokumbushwa kwamba mwaka 1987 alikwenda raundi zote 12 na James Smith na tena na Tony Tucker, akashinda kwa pointi. Basi likaja suala la raundi: tuwapiganishe 15 kama enzi za Ali, au 12? Mapambano ya ubingwa yalianza kupunguzwa kutoka raundi 15 hadi 12 baada ya bondia wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, kufariki kutokana na pambano lake na Ray Mancini la Novemba 1982. Utaratibu wa Mjomba ni kwamba anayemtetea bondia wa zamani zaidi ndiye anayechagua idadi ya raundi. Naona ni haki. Ali alishinda kwa tofauti ya karatasi nne. Yangu nilimpa Ali, ila raundi tatu za mwanzo zote niliziandika kwa Tyson.

Jumamosi nyingine hazikuwa sawa na hiyo. Ya Rocky Marciano, bingwa wa uzito wa juu wa miaka ya 1950, na Ali ilinigusa kwa sababu ya kisa chake: mwaka 1969 wawili hao waliigiza pambano mbele ya kamera, mshindi akaamuliwa na kompyuta. Marekani ilionyeshwa Marciano akishinda kwa KO, yaani kumwangusha mwenzake asiinuke, raundi ya 13, wakati Marciano mwenyewe alishakufa kwa ajali ya ndege kabla halijatoka. Ya Rashid Matumla na Hassan Mwakinyo ndiyo iliyojaza banda. Mwakinyo tulimwangalia akimmaliza Sam Eggington raundi ya pili kule Birmingham, Septemba 2018, picha safi kabisa. Wa Matumla tulipata vipande vyenye chenga, na ikabidi wazee waliomshuhudia wasimulie. Mjomba inabidi atafute kanda nzuri za mabondia wetu, hata kama ni kwa kuwafuata watu wenye kanda za zamani Dar es Salaam. Kumhukumu mtu kwa simulizi, wakati mwenzake ana picha, ni kumwonea, na mimi siku hiyo nilirudisha karatasi tupu.

Mabenchi hayana egemeo, na joto la humo ndani ni kali, kwa hiyo beba maji. Spika ya kushoto inakwaruza. Jumamosi ya tatu umeme ulikatika Foreman akiwa katikati ya raundi, na jenereta hawana. Pesa haikurudishwa, ila karatasi zetu zilipokelewa wiki iliyofuata. Uzito wa chini wanausahau mno: nimeomba mara mbili Azumah Nelson, yule bondia wa Ghana, na sijampata. Mlangoni kuna mama anauza kahawa, kashata na korosho za kukaanga; fika mapema, korosho huisha. Watoto usilete, saa zenyewe ni za usiku sana.

Jumamosi hii ubaoni ni FOREMAN 1973 na TYSON 1988, na nimeombwa nimtetee Foreman. Nitaanzia Kingston, Januari 1973: Joe Frazier alianguka mara sita ndani ya raundi mbili, na Frazier alikuwa anaingia akiwa ameinama, vilevile kama Tyson.