Miezi mitatu na kompyuta mpakato ya mtumba: picha zilizokuwa zikikwama sasa zimetulia

Huu ni mwezi wa tatu tangu ninunue Kariakoo kompyuta mpakato iliyotumika, kwa ajili ya kazi zangu za mchana na gemu ya mpira ninayocheza usiku na mdogo wangu. Ina kadi mbili za michoro, yaani sehemu zinazochora picha za kwenye skrini, moja iliyomo ndani ya prosesa na nyingine ya peke yake yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu, na hiyo ya pili ndiyo iliyonifanya nikubali bei.

Siku ya kwanza gemu haikuchezeka. Wachezaji walisogea kwa kurukaruka, jezi zikatoka madoa meusi, na mpira ukipigwa ulipotea hadi ukaibukia langoni. Muuzaji aliniambia kwa simu kwamba mashine imezidiwa, hivyo nipunguze ubora wa picha. Nikapunguza mpaka nyuso hazitambuliki, nafuu ikawa ndogo mno. Shaka ilinijia niliposoma mahitaji ya gemu na kuona kuwa kadi yenye nusu ya kumbukumbu ya yangu ingetosha.

Niliiacha gemu ikiendelea, nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja kufungua dirisha la Windows linaloonyesha mzigo wa kila sehemu, nikatazama kadi zote mbili: ile ndogo ya ndani ya prosesa ilikuwa ikitumika kwa asilimia 99, ile kubwa asilimia 0. Gemu nzima ilikuwa imebebeshwa kadi isiyo yake. Katika mipangilio ya michoro ya Windows niliichagua gemu hiyo na kuiwekea utendaji wa juu, kisha nikapakua draiva mpya, yaani programu inayoiwezesha Windows kuiendesha kadi, kutoka kwa mtengenezaji wa kadi, kwa kuwa iliyokuwepo ilikuwa ya miaka mingi nyuma. Madoa meusi yakaondoka jioni ileile.

Furaha hiyo haikuvuka dakika 20 za mchezo, maana kila mara feni ilipoanza kuvuma, picha zilirudi kukwama, na joto la prosesa lilisoma nyuzi 97. Nilichukua bisibisi ndogo nikafungua mfuniko wa chini, nikakuta vumbi limeshikamana kama kipande cha sufi kati ya feni na mapezi ya shaba yanayotoa joto nje, kiasi kwamba nililibandua kwa vidole likatoka zima. Pesti ya kupitisha joto nayo ilikuwa imekauka na kumeguka kama chokaa. Fundi alipaka nyingine huku nikimwangalia. Sasa joto halizidi nyuzi 84 na tunamaliza mechi tatu mfululizo bila picha kusita, mradi chaja iwe imechomekwa, kwani ikitumia betri mashine hujipunguzia nguvu yenyewe.

Naipenda mashine hii na ningeinunua tena. Anayetaka ya aina hii aombe gemu iwashwe palepale dukani kwa nusu saa nzima, chaja ikiwa ukutani, na aangalie ni kadi ipi inayofanya kazi kabla hajatoa fedha.