Mlango wa choo usio na mfaa: uzoefu wangu na hoteli yenye mapambo ya "Kikariakoo"

Nianzie chooni, maana huko ndiko nilikokwama. Bei, idadi ya vyumba na chai ya asubuhi mtajitafutia wenyewe. Hoteli iko Kariakoo kwenyewe, Dar es Salaam, jina naliacha, na pale mapokezi wameandika ukutani kwamba mapambo yote wameyatoa mtaani: nyumba ya Kiswahili, kanga, miavuli ya zege ya soko. Milango na samani ndiyo kazi yangu, kwa hiyo niliingia na hamu. Juzijuzi hapa, masika yakiwa bado hayajakata, nimemaliza kuoga, nimejifunga khanga yangu, nasukuma mlango. Haufunguki.

Bahati simu niliingia nayo. Nikapiga mapokezi. Dada akanijibu, "Mama, usiusukume kwa nguvu, huo mlango ni wa kiasili, ndivyo ulivyo." Nikamwambia umeganda na mimi niko ndani. "Basi subiri kidogo ukauke." Ukauke! Choo kimejaa mvuke, feni ya kutoa hewa inanguruma bila kuvuta kitu, niusubiri mlango ukauke. Kilichoniuma zaidi ni kwamba bila kujua alikuwa ameutaja ugonjwa wenyewe, na nusu saa niliyokaa mle niliitumia kuukagua.

Ni mlango wa pande mbili, kama ile ya mbele ya nyumba za zamani za Kariakoo, ile inayotokea barazani. Kila upande una sentimita kama 40. Wameupaka rangi ya mninga, lakini vifundo vinaonekana chini ya vanishi na uzito ni wa paini. Paini si dhambi. Dhambi ni kuunganisha mbao tano kwa gundi ubavu kwa ubavu, kisha kuzibana nyuma kwa vipande vya kukatiza vilivyotiwa gundi na skrubu, kama meza. Mbao hairefuki kwa unyevu, inatanuka kwa upana. Paini iliyopasuliwa kawaida, upana wa sentimita 40, unyevu wake ukipanda kwa asilimia 4 tu, inaongezeka karibu milimita 4. Pande mbili, milimita 8. Nafasi waliyoiacha katikati sidhani ilifika milimita 6. Hesabu hiyo hata mwanafunzi wa seremala anaipiga.

Halafu chumbani kuna kiyoyozi kinachokausha hewa usiku kucha, na chooni kuna maji ya moto. Uso mmoja wa mbao unasinyaa, wa pili unavimba, ubao unapinda kama bakuli. Nilipapasa kitako cha mlango kwa kidole: kikavu, kimebaki vile kilivyotoka msumenoni, hakijaonja vanishi hata tone. Hapo nyuzi zimekatwa, na hapo ndipo mbao inakunywa maji kuliko mahali pengine popote. Kila anayeoga anaumwagilia.

Mchana, kabla ya kuoga, ugonjwa ulikuwa wa upande wa pili. Mbao ikiwa kavu, ile nafasi ya katikati inakuwa wazi, na aliyelala kitandani anamwona aliyeko chooni. Mkienda wawili ambao hamjafikia ukaribu huo, poleni.

Na dawa ya yote haya walikuwa nayo mbele ya macho yao. Mlango wa pwani wa pande mbili una mfaa, ule mti wa katikati uliopigiliwa upande mmoja tu, ukafunika ukingo wa upande wa pili. Watu huuchonga maua wakadhani ni pambo. Kazi yake ni kufunika nafasi: fundi anaacha milimita 10 kwa raha zake, mbao inavimba na kusinyaa humo humo, na macho ya mtu hayapiti. Aliyechora mapambo ya hoteli hii ameuondoa ili mlango uonekane wa kisasa. Ameuondoa mfaa! Ni sawa na kunakili mwavuli ukaacha mpini.

Ulitakiwa uwe hivi. Mbao ikaushwe mpaka unyevu uwe asilimia 12 hivi, kisha ilale ndani ya jengo lenyewe wiki mbili kabla ya kupimwa. Itengenezwe fremu na paneli, paneli ikae kwenye gruvu, ule mfereji wa ndani ya fremu, bila gundi ili ipate pa kuchezea. Vanishi ipite pande zote sita, kitako na kichwa vikipata mikono mitatu. Chini paachwe sentimita moja kutoka sakafuni. Bawaba ziwe tatu kila upande, za shaba au chuma kisichoshika kutu. Walizoweka ni mbili za chuma cha kawaida, na kutu tayari inalia machozi kwenye rangi. Halafu mfaa, upana wa sentimita 5 unatosha. Seremala yeyote wa Keko, mtaa wa mafundi samani, angewaambia haya huku akipiga randa, asiache hata kazi yake.

Alikuja fundi wa hoteli, kijana, na bisibisi na patasi. "Shikamoo mama, samahani sana." Akautoa mlango kwenye bawaba kwa dakika tano, kwa adabu, akiwa amegeuza uso. Ndipo nikapoa kidogo. Nikamwona anashika randa ili apunguze ukingo, nikamzuia: ukiranda leo mlango umelowa, kiangazi utapitisha paka. Akacheka, akasema ameshairanda milango mingine kadhaa kwa amri ya wakubwa, na kwamba suala la mfaa alilisema mapema, akaambiwa picha haina mfaa. Kwa hiyo maneno yangu makali kuhusu mafundi nayafuta. Ya mchoraji nayaacha palepale. Ya dada wa mapokezi pia.

Sasa hapa ndipo ninapochanganyikiwa, maana kichwa cha kitanda kimenipendeza kuliko nilivyotaka. Kanga nzima, haijakatwa, pindo zote nne zinaonekana, mji, lile pambo la ndani ya pindo, umekaa katikati na jina, yaani maneno ya kanga, linasomeka juu ya mto: "Mgeni njoo mwenyeji apone." Wengi wakipamba kwa kanga hukata jina wakabaki na maua, hapo kanga imekuwa kitambaa tu. Hawa wamefanya kazi ya watu wanaojua. Kanga ilifuliwa kwanza, unajua kwa sababu ule ugumu wa dukani haupo na pindo hazijajikunja. Usipoifua, siku ikipata unyevu inajivuta na mistari inapinda. Chini wameweka sponji na kitambaa cha marekani, ili rangi ya mbao isichafue. Pini zimepigwa kuanzia katikati kwenda pembeni, nilichungulia nyuma. Pindo limenyooka kama uzi. Nilikaa nikilitazama nikiwa bado nimenuna, nikasema potelea mbali, nyota nne.

Kisha nikasoma lile jina tena nikamkumbuka yule dada. Nyota mbili.

Sakafu ya chumba ni saruji nyekundu iliyosuguliwa, ile ya nyumba za bibi zetu, na wameipatia: rangi ni moja ukuta kwa ukuta, maana yake oksidi ilichanganywa na saruji kavu na kupimwa, haikumwagwa kwa macho. Ikizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa saruji, sakafu inakuwa dhaifu na kutoa vumbi jekundu nyayoni. Wameigawa pia kwa vipande vya shaba kila mita moja na kidogo, kwa hiyo nyufa zinafuata mistari. Lakini sakafu hiyo hiyo, kwa mng'aro ule ule, wameiingiza chooni. Kwenye maji ni sabuni. Pale palihitaji terazo, saruji yenye vipande vya mawe, isiyong'arishwa sana, au marumaru ndogo zenye viungo vingi vya kushika mguu.

Miavuli ya jipsamu kwenye dari la mapokezi siisemi sana. Soko la Kariakoo alilolichora msanifu majengo Beda Amuli miaka ya 1970 lina miavuli ya zege iliyopinduliwa, umbo linalobeba paa na kushusha mvua katikati. Hii ya hotelini inabeba taa, na mmoja una doa la kahawia la maji ya kiyoyozi. Baraza ya kukalia chini yake ni nzuri, kimo chake ni cha baraza ya kweli, mgongo unaegemea ukuta. Wazee wawili niliwakuta wamekaa hapo wanasubiri mtu, wamejisahau kabisa kama wako nyumbani kwao. Hilo huwezi kulinunua.

Kwa hiyo niwaambie muende au msiende? Jana ningesema msikanyage. Leo nasema tatu, na ya tatu ni ya fundi. Ukienda, omba vyumba vya upande wa nyuma: kijana aliniambia vichache huko vina mlango wa choo wa aluminiamu, waliishiwa mbao. Ukipewa cha mbele, oga mlango ukiwa wazi kiasi cha kiganja, weka taulo chini, na komeo usiliguse.