TAHADHARI: Wanasajili wazee SHA (bima ya afya ya serikali ya Kenya) nyumba kwa nyumba, kisha wanawaibia

Wenye wazazi kijijini, wapigieni simu leo. Wale vijana wa beji shingoni wamerudi, na ni wezi.

Wanabisha kwa adabu, wanaomba kitambulisho na simu. Wanabonyeza *147# mbele ya mzee, wanajaza nambari ya kitambulisho, na ujumbe wa SHA unaingia kweli. Hapo mzee anatulia. Na kwa nini asiamini? NHIF, bima ya zamani, ilipoondolewa Oktoba 2024, wahudumu wa afya wa kijiji nao walipita hivyo hivyo: simu mkononi, kitambulisho, nambari ya uthibitisho. Asiyeona maandishi madogo angewatofautisha vipi? Msiwalaumu wazee.

Kisha: "Sasa weka PIN ya M-Pesa, mama, bima ianze kufanya kazi." Anaiweka wakichungulia, au anaitaja kwa sauti kwa sababu vidole vinatetemeka. Simu bado wanayo wao. Wanatuma salio lote kwa nambari nyingine, wanachukua Fuliza (mkopo wa M-Pesa) mpaka mwisho, wanafuta jumbe, wanarudisha simu na kushukuru kwa chai. Mkituma pesa ya dawa ya presha, Fuliza inaikata kabla mzee hajaishika. Anadhani mmemsahau. Ananyamaza kwa aibu, na siku mhudumu wa kweli akija, anafungiwa mlango.

Wafungwe! Chifu asiketi nao kusuluhisha. Nambari iliyopokea pesa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu, ifuatwe.

Dalili: kujisajili SHA ni bure, na PIN ya M-Pesa haihitajiki popote katika usajili. Aliyesajiliwa hutibiwa zahanati na kituo cha afya hata kama hajachangia. Mchango ni wa hospitali kubwa. Asiye na mshahara hulipa wa mwaka, kuanzia shilingi 3,600, baada ya kujibu maswali ya hali ya nyumba yake. Anayesema "toa 300 leo, kesho uko na bima" ni mwongo.

Pesa ikishatoka, pigieni Safaricom papo hapo, badilisheni PIN, toeni taarifa ya M-Pesa kupitia *334# kwa kuwa jumbe zimefutwa, mwende nayo polisi mpewe nambari ya OB (kitabu cha matukio). Halafu bonyezeni *100*100#, laini isiweze kubadilishwa na wakala, maana nambari ya kitambulisho wanayo tayari.